Kompyuta ya bima inajuaje paa langu litang'oka? Niko Cape Coral, Florida

KisijuHadiCape

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima, naomba wenye uelewa mnisaidie.

Tuna nyumba huku Cape Coral, tulinunua 2020, imejengwa 1989, kuta za tofali za zege, paa la mbao na vile vigae vya lami. Kimbunga Ian kilipopiga Septemba 2022 tulipoteza vigae vichache na uzio, basi, tukaziba wenyewe hata bima hatukuisumbua. Sasa mwezi huu imekuja barua ya kuhuisha bima, kutoka dola 5,200 imeruka hadi 7,900 kwa mwaka. Mpaka hapo ningenung'unika tu kama watu wote wa huku wanavyonung'unika, lakini jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, nyumba ukubwa uleule, mtaa uleule, upepo uleule, yeye analipa chini ya nusu yangu, tofauti ni kwamba yake ni ya 2006 na yangu ni ya 1989.

Nikapiga simu kwenye kampuni yangu (sitaitaja), dada wa watu mpole kabisa ananiambia "ni modeli ndo imesema". Modeli gani? Imesema kwa nani? Imeshawahi kuja kwangu ikanywa chai? Hakuna mtu aliyepanda darini kwangu tangu ninunue nyumba. Sasa nauliza, hiyo modeli ni kitu gani, inajuaje paa langu litang'oka na la jirani litabaki, na kuna namna ya kubishana nayo au ndo nilipe ninyamaze?

BahatiNasibu

Mkuu pole. Mi nafanya kazi kwenye bima mtawanyo huku Uingereza, yaani kampuni za bima za huko kwenu nazo zinajikatia bima, na sisi ndo tunaokaa na hizo modeli kutwa nzima, kwa hiyo nitajaribu.

Anzia hapa: modeli haijui paa lako. Inajua nyumba za aina yako.

Zamani walikuwa wanakisia kwa kuangalia walilipa kiasi gani miaka ya karibuni, wanapiga wastani, wanaongeza kidogo, imeisha. Florida kusini ilikuwa imekaa miaka mingi bila kupigwa vizuri, wastani ukaonekana mtamu. Agosti 1992 kikaja Andrew, kikasaga Homestead na kusini ya Miami. Kuna mama mmoja Karen Clark, alianzisha kampuni ya modeli 1987, ndani ya saa chache baada ya kimbunga kutua akawatumia wateja wake faksi kwamba hasara za bima zinaweza kupita dola bilioni 13. Watu wakaona amechanganyikiwa, ikaja kutimia bilioni 15.5, na kampuni kadhaa za bima zikafilisika. Tangu hapo kila mtu anataka modeli, na jimbo la Florida likaunda tume yake 1995 ya kuzikagua kabla hazijatumika kupangia bei.

Ndani yake iko hivi. Wanachukua kumbukumbu za vimbunga vya Atlantiki, zipo tangu 1851, halafu kompyuta inatunga vimbunga vya kubuni vinavyofanana na vile vya kweli, miaka elfu kumi, elfu hamsini, inategemea. Kila kimoja kina njia yake, ukubwa wake, mwendo wake. Kwa kila kimoja inahesabu upepo utakaofika kwenye anwani yako, ikizingatia kama mbele yako kuna bahari wazi au kuna miti na majumba yanayoupunguza kasi. Halafu inauliza: nyumba ya aina hii ikipigwa na upepo huu, inaharibika asilimia ngapi ya gharama ya kuijenga upya? Hapo ndo mwaka 1989 unapokuumiza. Yako imejengwa kabla ya Andrew. Baada ya Andrew Miami wakakaza sheria zao za ujenzi, na 2002 ikaanza kutumika sheria moja kwa Florida nzima. Nyumba ya jirani yako ya 2006 iko upande wa pili wa huo mstari.

Na usidharau upepo. Nguvu yake ya kusukuma haipandi sambamba na kasi, inapanda kwa kasi zidisha kasi. Upepo wa maili 140 kwa saa unasukuma karibu mara mbili ya ule wa maili 100.

Halafu watu wanashika sana kategori, yale madaraja ya kasi ya upepo wa kimbunga, kategori 4, kategori 5. Huko huko kwenu Charley 2004 kilitua kisiwa cha Cayo Costa na upepo wa maili 150 kwa saa. Ian 2022 kikatua Cayo Costa hiyohiyo, maili 150 hizohizo. Kategori moja, mahali pamoja. Lakini Charley kilikuwa kidogo na chenye haraka, kikapita kama kisu, Ian kilikuwa kipana na cha polepole na kikasukuma bahari mpaka Fort Myers Beach ikafagiwa. Hasara haziingii kwenye mzani mmoja kabisa.

MzeeWaHesabu

Mimi naomba niseme ukweli, haya mambo ya modeli ni ganga ganga ya kisasa, tofauti na mganga ni kwamba huyu ana kompyuta. Kutoka Wilma Oktoba 2005 mpaka Hermine Septemba 2016 hakuna hata kimbunga kimoja kamili kilichotua Florida. Karibu miaka 11!! Na modeli zilikuwa zinasema msimu mbaya unakuja, hela zikachukuliwa mwaka hadi mwaka, zimeenda wapi?

Na hata huyo Ian, wiki zilezile za mwanzo kila kampuni ya modeli ilitoa namba yake, mmoja anaanzia bilioni 28, mwingine anafika 74. Fundi akija kwangu akaniambia kazi hii ni laki 2 na 80 au laki 7 na 40, namtoa nje na mbwa.

BahatiNasibu

Mzee hapo kwenye Ian umenishika, sikatai. Ila kila namba ilikuwa na vitu tofauti ndani yake, wengine wanahesabu upepo na maji ya bahari, wengine wanaingiza na mafuriko ya bara, wengine na mfumuko wa bei ya mafundi. Kimbunga kikubwa kikipita kila mtu anataka fundi wiki hiyohiyo, plaiwudi inapanda, mafundi wanatoka jimbo la jirani wanalala hotelini, paa la elfu 15 linakuwa la elfu 22. Hilo nalo linabidi likisiwe, na kukisia bei za mafundi ni kugumu kuliko kukisia upepo.

Hiyo miaka 11 lakini haithibitishi kitu. Ukiambiwa hasara fulani ina nafasi ya 1 kwa 100 kila mwaka, haina maana inakuja mara moja kila karne kama sherehe. Mtu mwenye mkopo wa nyumba wa miaka 30 ana karibu asilimia 26 ya kukutana nayo kabla hajamaliza deni. Ukimya ukiisha ndo akaja Irma 2017, Michael 2018, Ian 2022.

Hela zimeenda wapi? Nyingi zimekuja huku kwetu kwenye bima mtawanyo 😅 na nyingine zimeishia mahakamani, Florida ilikuwa na kesi za bima nyingi kupita kiasi mpaka Desemba 2022 wakabadilisha sheria. Kwa hiyo kwenye ile 7,900 siyo upepo peke yake, kuna mawakili humo.

Takwimu_Mlimani

Samahani naingilia, mi mwanafunzi wa takwimu bima Dar. Tulipewa zoezi la Florida kwa kutumia CLIMADA, hii programu ya bure ya kupigia hesabu za majanga, ya wale wa chuo cha ETH Zurich, kuna kanuni yake ya uharibifu inaanza kuhesabu kwenye upepo wa mita 25.7 kwa sekunde, chini ya hapo hasara sifuri, na ukifika mita 74.7 nyumba imepoteza nusu ya thamani. Nikaweka mita 40 nikapata kama asilimia 2.4, mita 50 ikatoa 11, mita 60 ikatoa 25 na ushee. Hapo 40 hadi 60 imepanda mara kumi, nikaelewa kwa nini Bahati anasema usidharau upepo.

Swali langu ni moja. Asilimia 25 ya nyumba ni nini? Nyumba ama paa limeenda ama halijaenda, sijawahi kuona robo ya nyumba imekaa barabarani. Lekchara alisema "ni wastani" akaendelea na slaidi.

BahatiNasibu

Lekchara kakuacha kwenye mataa, maana hilo swali ndo biashara yenyewe.

Chukua nyumba 10 kama ya jamaa wa Cape Coral, kila moja imekatiwa bima ya dola 400,000. Huko Florida kimbunga kina makato yake peke yake, mara nyingi asilimia 2 ya thamani iliyokatiwa bima, yaani 8,000 za mwanzo unabeba mwenyewe. Sasa kimepita kimbunga cha kawaida, modeli inasema hasara kwa wastani ni asilimia 2. Ukiuchukua huo wastani kama ulivyo, kila nyumba imeharibika 8,000, kila mwenye nyumba anabeba 8,000 zake, kampuni ya bima inalipa sifuri, wanaenda kulala.

Ukweli wa mtaani hauko hivyo. Nyumba 9 hazina kitu, labda majani uani. Ya 10 mlango wa garaji umebonyea, upepo umeingia ndani, ukalisukuma paa kutoka chini huku ule wa nje unalivuta juu, likafunguka, mvua ikamaliza kilichobaki. Hiyo moja imepoteza 80,000. Wastani wa kumi ni uleule, asilimia 2. Lakini kampuni inalipa 72,000 siyo sifuri.

Ndo maana modeli nzuri haitoi wastani peke yake, inatoa na mtawanyiko wake: nyumba ngapi zitatoka salama, ngapi zitaumia kidogo, ngapi zitakwisha. Mtu anayetumia wastani tu kwenye nyumba yenye makato atakuwa anajidanganya kila siku mpaka siku ya kimbunga. Nimeshaona kazi ya mtu mzima mwenye tai imekosewa hapohapo.

Na hiyo kanuni ya CLIMADA ni nzuri kwa eneo kubwa, wilaya nzima, kaunti nzima. Ukiishusha kwenye nyumba moja unailazimisha kazi isiyo yake. Wale wanaotengeneza modeli za kupangia bei wanakwenda nyumba kwa vipande, kigae kwa kigae, dirisha, mlango, kiungo cha paa na ukuta, kila kipande kina nguvu yake na upepo wake wa kukishinda. Pale Miami chuo kikuu cha FIU kina mitambo 12 ya kupuliza upepo iliyopangwa kama ukuta, wanaweka kipande cha nyumba mbele, wanawasha mpaka nguvu ya kategori 5, wanaangalia nini kinaachia kwanza. Chuo hichohicho ndo kinaendesha modeli ya umma ya jimbo la Florida, na nyaraka zake ziko wazi mtandaoni, mamia ya kurasa, wewe mwanafunzi kazisome zitakusaidia kuliko slaidi.

FundiWaPaa_Kisumu

Haya, wacha nami niseme kama mtu wa nyundo. Mimi ni Mkenya, nafanya paa hapa Florida mwaka wa tisa sasa, baada ya Michael nilikuwa Panhandle, kule kaskazini magharibi ya Florida, baada ya Ian nilikuwa huko kwenu Lee County, na hii story ya modeli mimi naijua kutoka upande wa darini.

KisijuHadiCape, bosi yangu, panda darini na tochi. Angalia pale kenchi inakalia ukuta. Kama imeshikwa na misumari tu iliyopigwa kwa mshazari, hiyo ndiyo mbaya kabisa. Kama kuna kibati kidogo upande mmoja kimeshika kenchi, hiyo ni afadhali. Kama kuna mkanda wa chuma umepita juu ya kenchi ukashuka upande wa pili, hiyo sasa ni poa sana. Hizo nyumba zote tatu ukisimama barabarani zinafanana kabisa, hata rangi. Upepo ndio unajua tofauti.

Halafu angalia umbo la paa. Paa la miteremko minne, kila upande unateremka, upepo unateleza. Paa la miteremko miwili lina ule ukuta wa pembetatu mwisho, na huo ndio huanguka wa kwanza nikienda kwa watu. Halafu misumari ya plaiwudi iliyo chini ya vigae, mifupi ama mirefu, na imeachana inchi ngapi. Halafu mlango wa garaji, watu wanaweka shata za maana kwa madirisha wanasahau mlango wa garaji ndio dirisha kubwa kushinda yote.

Na kitu ingine, watu hufikiria hasara ni paa kuruka. Bosi, pesa nyingi nimeona ikiisha ni kwa maji. Vigae vimetoka kidogo tu, paa liko, ukuta uko, lakini maungio ya plaiwudi hayakuzibwa, mvua ya masaa sita imeingia, dari imelowa imeanguka juu ya vitanda, karpeti, kabati za jikoni, umeme, ukungu baada ya siku tatu. Kutoka nje unaona nyumba nzima. Ndani ni dola elfu sitini.

Sasa hiyo yote kuna fomu yake, OIR-B1-1802, inspekta aliye na leseni anakuja anapiga picha darini anajaza, na kampuni lazima ikupe punguzo kulingana na kile amepata. Inakaa miaka mitano. Kama hujawahi kupeleka hiyo fomu, kampuni inakuchukulia kama mtu wa misumari ya mshazari. Umefanya hiyo kweli?

KisijuHadiCape

Aisee. Sijawahi hata kuisikia hiyo fomu. Aliyeniuzia bima aliniuliza mwaka wa nyumba na vyumba vingapi, basi. Paa lilibadilishwa kabla hatujanunua ila sijui mwaka gani.

BahatiNasibu

Umeona sasa. Sisi tunapokea mafaili ya nyumba laki mbili, laki tatu, ukifungua safu ya "kiungo cha paa" unakuta tupu, tupu, tupu, haijulikani. Modeli haiwezi kuacha tupu, inajaza yenyewe kwa kuangalia nyumba za umri wako na eneo lako. Watu wanabishana usiku kucha kuhusu fizikia ya kimbunga wakati nusu ya makosa yako kwenye safu ambayo hakuna aliyejisumbua kuijaza. Nenda idara ya ujenzi ya mji wako, kibali cha paa kipo kwenye rekodi zao, mara nyingi hata mtandaoni. Kama ni paa la miaka ya karibuni wakati wa kubadilisha walitakiwa kuikaza upya plaiwudi kwa misumari ya maana, na hilo lina punguzo lake.

Ila angalizo: hiyo yote ni upepo. Maji ya bahari yakiingia ndani bima yako ya nyumba haihusiki, hiyo ni bima ya mafuriko, ya serikali inaishia dola 250,000 kwa jengo. Baada ya Katrina kule Mississippi watu walibaki na sakafu tu, nyumba yote imekwenda, halafu wanaanza kubishana mahakamani je, upepo ndo uliibomoa saa tatu au maji ndo yaliibeba saa tano. Modeli inaweza kukuambia kipi kilifika kwanza kwenye ule mtaa. Haiwezi kuapa mbele ya jaji.

Chole_Kwetu

Mi niko Mafia, nawasoma tu kimyakimya. Hidaya alipotupitia Mei 2024 hapa mabati yaliondoka na papi zake, minazi ikalala. Sasa hizo modeli mnaweza kutuletea na sisi?

Takwimu_Mlimani

Nilimuuliza lekchara hilohilo. Upepo unaweza kuigizwa hata huku, hata kile kimbunga cha Lindi cha Aprili 1952 kinaingia kwenye mahesabu. Tatizo ni upande wa nyumba. Zile grafu za uharibifu za Florida, upepo huu hasara hii, zimetoka kwenye madai ya bima ya nyumba za zege na kenchi za kiwandani, nyumba ya mawe na udongo yenye bati la geji 32 haimo kabisa. Na huku hakuna madai ya bima ya kujifunzia maana hakuna aliyekatia bima hilo bati. Inabidi mtu atembee nyumba kwa nyumba baada ya kimbunga aandike.

Chole_Kwetu

Hakuja mtu. Mabati tuliokota wenyewe tukayapigilia palepale kwenye matundu ya zamani.

FundiWaPaa_Kisumu

Wacha!! Matundu ya zamani hapana ndugu yangu, msumari haushiki. Sogeza inchi mbili.

KisijuHadiCape

Wakuu narudi na mrejesho, wiki mbili zimepita.

Kibali nimekipata, paa ni la 2019, plaiwudi ilikazwa upya, hilo limekubalika. Umbo la paa ni miteremko minne, limekubalika. Inspekta akapanda darini nami nyuma yake natoka jasho kama niko shimoni Mererani, tukakuta vibati vipo kwenye kila kenchi, nikashangilia. Yule mzee akamulika tochi, akasogea karibu, akaanza kuhesabu misumari kimoyomoyo. Fomu inataka angalau misumari mitatu kwenye kenchi. Vyangu vina miwili miwili nyumba nzima. Akaandika misumari ya mshazari, kama vile vibati havipo!

Bima imeshuka hadi 6,850. Siyo haba, ila huo msumari mmoja umeniuma kuliko ile 7,900.

FundiWaPaa_Kisumu

Hahaha pole bosi, hiyo ni kawaida ya nyumba za miaka hiyo, nimeziona nyingi. Hiyo si ya kulia. Tundu la tatu liko kwa kibati tayari, unaongeza msumari, inspekta anarudi anapiga picha. Shida ni pale pembeni dari inabana, nyundo haina nafasi ya kupiga, unatafuta ile bunduki ya misumari iliyo fupi na mtu mwembamba. Una kenchi ngapi?

KisijuHadiCape

Nimehesabu 46, pande mbili. Mtu mwembamba ninaye, shemeji yangu anakuja Jumamosi, bado hajui.